Gunia la chakula na kopo la mbegu: kwa nini dawa peke yake haitoshi

Mahindi yakiharibika ghalani, lawama ya kwanza huenda kwa wadudu na ya pili kwa dawa feki. Mara nyingi lawama zote mbili zina ukweli. Lakini ndani ya gunia moja kuna mambo matatu yanayoenda kwa wakati mmoja: wadudu wanakula punje, ukungu unaota juu yake, na kiini cha mbegu kinachakaa hata kama punje kwa macho ni nzima. Dawa ya unga inagusa jambo la kwanza tu. Ndiyo maana kuna kaya iliyopulizia vizuri ikavuna sumu, na nyingine iliyotunza mahindi mazuri ya ugali mpaka Novemba lakini ilipoyapanda yakaota nusu.

Yote matatu yanaongozwa na kitu kimoja: kiasi cha maji kilichobaki ndani ya punje.

Maji ambayo macho hayaoni

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyovunwa yakiwa yamekauka kwa kuyatazama tu, hasa msimu ukiwa na mvua za kuchelewa, yanaweza kuwa bado kwenye 18. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uipige hesabu: gunia la kilo 100 lenye unyevu wa 18 likikaushwa kufika 13.5 linapungua kilo tano na kidogo. Ni lita tano za maji zilizokuwa ndani ya mahindi unayoyaona makavu. Ukiyafunga hivyo, maji hayo hayana pa kwenda. Nafaka mbichi hupumua, hutoa joto na mvuke, na usiku mvuke hugeuka matone ya maji kwenye upande wa gunia uliopoa. Hapo ndipo ukungu huanzia, pembeni na juu, na mwenye gunia akichota katikati haoni chochote.

Kung'ata kwa meno au kusikiliza mlio wa punje zikimwagwa kunasaidia kujua yaliyo mabichi kabisa. Hakutenganishi 16 na 13. Kama huna kipimo cha umeme, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, yenye mfuniko. Ya mililita 750 inafaa. Jaza mahindi hadi theluthi moja, yachotwe sehemu mbalimbali za rundo, kisha ongeza vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chumvi. Chumvi yenyewe iwe kavu: ya dukani inayogandana ianikwe juani au ikaangwe kidogo na ipozwe kwanza. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, uko chini ya 15.

Hapa wengi hukosea kwa kusoma jibu zaidi ya linavyosema. Kipimo hiki hakisemi "tayari kufungwa", kinasema "chini ya 15". Kati ya hapo na 13.5 bado kuna kazi, kwa hiyo chumvi ikishaacha kunata, anika siku moja au mbili zaidi za jua kali ndipo ufikirie mfuko.

Kuanika nako kuna utaratibu. Tandaza juu ya turubai, unene usizidi sentimita nne, na geuza kila baada ya nusu saa hadi saa. Jioni kunja turubai juu ya mahindi, maana umande wa usiku mmoja unarudisha sehemu ya kazi ya mchana. Siku ya mwisho yaache yapoe kivulini kabla ya kuyafunga. Mahindi yakiingia mfukoni yakiwa na joto la jua, usiku yatatoa jasho ndani ya plastiki.

Kwa nini turubai na si uwanja uliofagiwa vizuri? Kwa sababu kuvu anayetengeneza sumukuvu, Aspergillus flavus, makazi yake ni udongoni na kwenye mabaki ya mazao. Punje iliyopasuka ikigusa vumbi hilo ikiwa na unyevu, imeshaambukizwa. Jambo hili si la nadharia. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa zimeathirika zaidi, watu 317 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa Dodoma na Manyara, nako watu wakafa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, kiasi ambacho hakina rangi, ladha wala harufu.

Kupika ugali hakuondoi sumu hiyo, wala kuchemsha pombe. Kinachopunguza ni kuchambua: toa punje zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zenye ukungu, kisha koboa, kwa kuwa sumu nyingi huwa kwenye ganda na kiini. Lakini pumba za mahindi hayo zinabeba kile kilichotolewa. Kuku akizila anadhoofika, ng'ombe akizila sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa. Mahindi yaliyooza yafukiwe.

Karanga zina sharti kali zaidi, unyevu wa asilimia saba hadi nane, na zihifadhiwe na maganda yake. Tabia ya kuzinyunyizia maji ili zibanguke kirahisi ni mojawapo ya njia za hakika za kukaribisha sumukuvu, na inafanyika hata kwa karanga zilizokuwa zimekauka vizuri.

Wadudu wawili, dawa moja yenye sehemu mbili

Kwenye mahindi wadudu wanaosumbua hasa ni fukusi na dumuzi. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga mdogo, hutaga yai ndani ya punje, na mara nyingi safari yake huanza shambani mahindi yakichelewa kuvunwa. Dumuzi, ambaye wengine humwita skania, ni mgeni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Huku kwetu alibainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akasambaa. Dalili yake ni unga mwingi: ukiinua gunia unaona vumbi jeupe chini, na punje zimebaki maganda. Hutoboa pia mbao na makopa ya muhogo, kwa hiyo kihenge cha miti kilichowahi kuwa naye hakisafishiki kwa ufagio peke yake.

Dumuzi hupenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, kwa sababu punje zilizobanana zinampa mahali pa kujisukumia anapotoboa. Kwenye punje legelege anapata tabu. Kwa hiyo kupukuchua mapema ni kinga, na haina gharama.

Dawa nyingi za unga za kuhifadhia nafaka zina viambato viwili, na sababu ni wadudu hawa wawili. Actellic Super, kwa mfano, ina pirimifosi-methili inayomweza fukusi na pemethrini inayomweza dumuzi. Moja bila nyingine huacha mdudu mmoja akistawi. Kipimo chake ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90 hadi 100. Dawa nyingine zina vipimo vyake, soma lebo na uangalie siku za kusubiri kabla ya kula. Mwaga mahindi kwenye turubai, nyunyiza, changanya kwa koleo kama unavyochanganya zege, rudia mpaka kila punje imepata vumbi. Kunyunyiza juu ya gunia lililokwisha jaa ni kupoteza dawa. Na hapa unyevu unarudi tena: kiambato cha dawa huvunjika haraka kwenye nafaka mbichi yenye joto. Dawa halali kabisa inaweza kuonekana feki kwa sababu mahindi yalikuwa mabichi.

Kuhusu vidonge vya kufukizia vinavyouzwa kimoja kimoja madukani: vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haijui tofauti ya fukusi na mtoto aliyelala chumba cha pili. Hivyo ni vya ghala lenye mtaalamu, havina nafasi ndani ya nyumba ya kulala.

Anayetaka kuacha dawa kabisa ana mifuko isiyopitisha hewa, ile inayojulikana Tanzania kama kinga njaa. Ubunifu wake ulitoka Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ukianzia kwenye kunde za Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980: mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na nje kiroba cha kawaida. Wadudu waliofungiwa hutumia oksijeni mpaka ishuke chini ya asilimia tano. Hawafi papo hapo kwa kukosa pumzi. Mdudu wa ghalani hanywi maji. Maji ya mwili wake huyapata kwa kuyeyusha chakula kwa oksijeni. Oksijeni ikipungua anaacha kula, haongezeki, na mwishowe anakauka. Ndiyo maana ukifungua mfuko baada ya siku nne "kuangalia kama dawa imefanya kazi" unakuta wazima, na umewapa hewa mpya. Uache angalau mwezi mmoja.

Hatua zake ni hizi. Jaza hewa kwenye kila mfuko wa plastiki, sokota mdomo, ubane ukiusogeza karibu na shavu: tundu utalihisi. Pepeta mahindi kwanza, utoe vipande vya magunzi vyenye ncha na wadudu wanaoonekana, kwani dumuzi aliyefungiwa akiwa na nguvu anaweza kutoboa plastiki akitafuta njia. Jaza mfuko wa ndani kidogo kidogo ukishindilia, acha mdomo wa sentimita 30 hivi, kamua hewa, sokota, kunja, funga kwa mpira. Fanya hivyo kwa wa pili, kisha kiroba. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, mbali na panya. Panya mmoja anatosha kuharibu mfuko mzima.

Udhaifu wa mfuko wa kilo 100 kwa familia ni kwamba unafunguliwa kila wiki. Njia nzuri ni kuchanganya vyombo: mifuko mikubwa ya miezi ya mbali, na madumu ya lita 20 ya miezi ya karibu. Dumu lililooshwa, likakauka kabisa, likajazwa mpaka shingoni na kufungwa mfuniko wenye mpira hufanya kazi ileile. Dumu lililojaa nusu halifanyi, maana hewa iliyobaki juu inawatosha wadudu kuendelea. Kihenge cha chuma nacho ni kizuri, ila kiwe chini ya paa. Kikipigwa na jua upande mmoja, mvuke huhamia upande wa baridi na mahindi ya pale huota ukungu.

Maharage yana wadudu wengine, wale wadogo wa mviringo wanaoacha matundu kama ya msumari. Wengine huingia shambani maganda yanapopasuka, kwa hiyo usichelewe kung'oa na kupura. Aina moja hutaga mayai ovyo kati ya punje na punje, bila kuyagandisha, na kiluwiluwi chake huhitaji muda mrefu wa kutoboa mahali pamoja. Ukibingirisha dumu la maharage asubuhi na jioni kwa wiki chache za mwanzo, unamvuruga kabla hajaingia. Kwa maharage ya kula, mafuta ya kupikia, mililita tano kwa kilo, yakipakwa vizuri huziba pumzi ya mayai.

Mbegu itengwe kabla ya chakula

Ekari moja ya mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 inahitaji kilo nane hadi kumi za mbegu. Tenga 15, ili uwe na za kurudishia. Ni kiasi kidogo sana ukilinganisha na magunia ya chakula, na hakuna sababu ya kukiacha kwenye gunia la jikoni kisha kuchambua kinachobaki msimu ukifika.

Swali la kwanza ni kama mbegu hiyo inafaa kurudiwa. Chotara, yaani mbegu iliyozalishwa kwa kuchanganya mistari tofauti, haifai: kizazi cha pili hugawanyika, mimea inakuwa ya vimo tofauti na mavuno yanashuka. Aina za uchavushaji huria kama Staha, TMV-1, Situka au Katumani ya Kenya hurudiwa, kwa masharti. Mahindi huchavushwa na upepo, kwa hiyo chagua katikati ya shamba, mbali na la jirani. Mita 200 ndiyo umbali unaotakiwa. Chagua mimea ikiwa bado imesimama, yenye afya na isiyoanguka, kuliko kuchagua gunzi kubwa nyumbani bila kujua limetoka kwenye mmea gani. Chukua magunzi 50 na zaidi. Ukichukua matano makubwa, misimu mitatu baadaye shamba lina mimea ya ukoo mmoja iliyodhoofika. Kwenye kila gunzi pukuchua punje za katikati, ncha na kitako viende kwenye chakula. Maharage hujichavusha yenyewe, hayana usumbufu huo, ila usichukue mbegu kwenye mmea wenye madoa, kwani magonjwa kadhaa husafiri ndani ya mbegu.

Nyanya za huria kama Tengeru 97 hutolewa mbegu kwa kuchachusha: kamua mbegu na maji yake kwenye kopo, acha siku mbili au tatu, koroga kila siku, osha, zilizoelea zitupe. Ule utelezi unaozunguka mbegu ndio unaozuia kuota, na uchachu unauondoa. Ukizidisha siku zitaanza kuota humohumo koponi. Anika kivulini juu ya sahani au kitambaa. Kwenye karatasi zitanata.

Baada ya hapo njia za chakula na mbegu zinaachana. Joto kali la kuua wadudu, kama la kuanika kati ya plastiki mbili, linafaa maharage ya mchuzi na si ya kupanda. Mbegu za mboga zisipate joto la zaidi ya nyuzi 40. Magunzi ya kuning'inizwa juu ya jiko la kuni, desturi ya tangu zamani, yana mantiki: moshi hufukuza wadudu na hewa pale ni kavu. Lakini yakiwa karibu mno na mwali kiini kinapikwa.

Kanuni inayotumiwa na watunza mbegu ni kwamba kila asilimia moja ya unyevu inayopungua huongeza maisha ya mbegu takriban mara mbili, na kila nyuzi tano hivi za joto zinazopungua nazo mara mbili. Mahindi ya mbegu yafike 12 au chini yake. Mbegu za mboga karibu na nane. Ukishafika huko, chombo kisichopitisha hewa ni rafiki. Kabla ya hapo ni adui: mbegu mbichi ndani ya chupa iliyofungwa hufa mapema kuliko ikiwa kwenye mfuko wa kitambaa. Ili kukausha mbegu za mboga mpaka mwisho, kaanga mchele mpaka uwe wa kahawia, upoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha weka mbegu kwenye kifuko cha kitambaa juu yake kwa wiki mbili, mchele ukiwa mara mbili ya uzito wa mbegu. Utoe mchele, funga mbegu, andika aina na mwezi. Vitunguu vitumie ndani ya mwaka. Nyanya, sukuma na mchicha zinavumilia miaka mitatu au zaidi zikitunzwa hivi.

Mbegu yenye rangi ya dawa haiingii sufuria wala kwa kuku, hata ikioshwa.

Kutoka kopo hadi kitalu

Wiki mbili kabla ya kupanda, hesabu mbegu 100 bila kuchagua nzuri, zipange kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka ndani ya mfuko wa plastiki usiobanwa. Mahindi na maharage hesabu siku ya saba, nyanya siku ya 14. Zikiota 85 na zaidi, panda kawaida. Zikiwa 70, ongeza mbegu mashimoni. Chini ya 50, hata zile zilizoota huwa dhaifu, tafuta nyingine.

Kitalu cha mboga kiwe na upana wa mita moja ili ufike katikati bila kukanyaga, kimeinuliwa sentimita 15 hadi 20. Sehemu mbili za udongo mzuri, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga inatosha. Chora mistari ya sentimita 10 hadi 15, kina cha sentimita moja, na sia mbegu moja moja. Gramu moja ya nyanya ina mbegu 300 hivi, kiasi kinachozidi haja ya bustani ya nyumbani, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwaga kwa kiganja.

Funika kwa nyasi kavu na mwagilia. Siku unapoona ya kwanza imechomoza, ondoa nyasi jioni ileile. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka ikitafuta mwanga, shina linakuwa jembamba na jeupe, na haliponi tena. Inua nyasi zile juu ya kichanja cha kivuli chepesi.

Miche inayolala chini ghafla, shina likiwa limesinyaa na kuoza usawa wa udongo, imepata kinyausi. Husababishwa na kuvu wa udongoni wanaopenda msongamano na maji mengi, na kumwagilia jioni huwaongezea usiku wa unyevu. Mwagilia asubuhi, punguzia miche ibaki na nafasi ya vidole viwili, na usirudie kitalu palepale. Kwa udongo wa trei au makopo, uchome kwa mvuke ndani ya pipa nusu saa kabla ya kutumia.

Nyanya na sukuma huwa tayari kwa wiki nne, vitunguu sita hadi saba. Siku saba za mwisho punguza maji na ondoa kivuli taratibu ili shina likomae. Siku ya kuhamisha, mwagilia kitalu asubuhi, ng'oa jioni na donge la udongo, panda nyanya mpaka chini kidogo ya majani ya kwanza. Sehemu ya shina iliyofukiwa itatoa mizizi. Kesho yake asubuhi ukikuta mche umekatwa kama kwa kisu na umelala pembeni, fukua sentimita chache kuzunguka shina: sota, kiwavi wa udongoni anayekata mashina, atakuwa amejikunja hapohapo. Muue, na uvishe miche iliyobaki vikola vya karatasi ngumu vilivyozama sentimita mbili udongoni.